Rivyu: bana ya gesi moja ya kutengenezea shanga za kioo, kwa anayejifunza na kwa anayefundisha

Jamani naomba niandike rivyu ndefu kidogo, maana swali la kama hii bana (kichomeo cha gesi) inafaa kununuliwa na anayeanza linarudi kila mara na majibu yanayotolewa ni ya mkato mno. Naongelea ile bana ndogo inayofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha mtungi mdogo wa gesi, haina oksijeni, inavuta hewa yenyewe kupitia vitundu vya pembeni. Wengi wanaijua kwa jina la Hot Head, japo zipo zinazofanana nayo. Jibu langu fupi ni nunua, na kama unafundisha nunua kadhaa. Jibu refu ndo hili, kwa sababu mazuri yake na mabaya yake yanatoka sehemu moja, yaani moto wake hauna haraka.

Kwa ambao hawajawahi kuiona hii kazi: unashika fimbo ya kioo cha rangi, unene wake kama milimita 5 au 6, unaipeleka kwenye moto wa bana iliyofungwa mezani, ncha inalainika inakuwa donge linalong'aa, afu unalizungushia kwenye kijiti chembamba cha chuma cha stenlesi ambacho umeshakipaka rojo ya udongo na kuiacha ikauke. Kioo kikishapoa rojo inaachia, unachomoa kijiti, panabaki tundu la kupitishia uzi. Ndo shanga hiyo. Umekaa kwenye kiti, na kazi yote iko kati ya mkono wa kushoto na wa kulia. Zamani moto ulitoka kwenye taa ya mafuta iliyopulizwa kwa mvukuto wa mguu, na mafundi wa kioo Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf walifanya kazi kwenye meza ya namna hiyo walipokuwa wakitengeneza yale maua ya kioo ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kati ya 1887 na 1936, maua ambayo mpaka leo mtu akiyaangalia anabisha ukimwambia si mimea halisi. Kwa hiyo mtu akikwambia huwezi kufanya kitu cha maana bila bana kubwa ya bei mbaya, mwambie aende akaangalie yale maua.

Sasa moto wenyewe. Propani ikiungua na hewa ya kawaida haifiki nyuzi 2,000 za Selsiasi, ukiipa oksijeni safi inakaribia 2,800. Tofauti hiyo unaiona mkononi. Kwenye bana ya oksijeni fimbo inayeyuka kabla hujafikiria, kwenye hii ya gesi moja unasubiri, unaona ncha inaanza kung'aa rangi ya chungwa, inajikunja, inajikusanya, na una muda wa kutosha kabisa kuamua unaipeleka wapi. Mtu mwenye uzoefu anaona hii ni kero na namuelewa. Ila kwa anayeanza huo muda ndo darasa lenyewe, maana kitu cha kwanza anachotakiwa kujifunza ni kusoma joto kwa macho, na hawezi kukisoma kitu kinachompita kwa kasi.

Nikupe mfano wa mahali ambapo karibu kila mwanafunzi anakwama. Anachukua fimbo ya baridi anaiingiza moja kwa moja kwenye kitovu cha moto, kioo kinapasuka, tak, tak, vipande vinaruka mezani, anashtuka anarudi nyuma. Sababu ni kwamba ngozi ya nje imepanuka na ndani bado baridi, kioo hakivumilii hiyo tofauti. Namrudisha, namwambia aanze mbali kabisa kwenye ncha ya mwali, apitishe fimbo akiitoa na kuirudisha, asogee taratibu. Kwenye moto huu mpole anaona mabadiliko hatua kwa hatua na mkono unashika somo. Kwenye moto mkali zaidi nafasi ya kukosea na kurekebisha ni ndogo, na nimeona watu wakikata tamaa mapema kwa sababu hiyo tu.

Kitu kingine ni umbali. Hii bana haina vali mbili za kuchanganya gesi na oksijeni, kwa hiyo huwezi kusema unaongeza oksijeni moto usafike. Unachobadilisha ni mahali unapofanyia kazi. Ukikaa karibu na mdomo wa bana moto una gesi nyingi ambayo haijaungua vizuri, kioo cheupe na cha rangi ya pembe za ndovu kinapata madoa ya kijivu, na kile cha feruzi chenye shaba ndani yake kinatoa utando mwekundu mwekundu wa matofali. Sogea nje sentimita kadhaa kupita ile koni ya buluu ya moto iliyo mbele ya mdomo, madoa hayaji tena. Mwanafunzi akishajua hili amejua nusu ya kemia ya moto bila kufungua kitabu. Na uzuri ni kwamba huo utando mwekundu wengine wanautaka, mimi mmojawapo, nikiutaka nasogea karibu kwa makusudi sekunde chache mwishoni.

Kelele. Hii lazima niiseme wazi maana ndo kitu pekee kinachonikera kikweli. Bana za aina hii zinanguruma, na ukiwasha kadhaa kwenye chumba kimoja huwezi kufundisha kwa mdomo. Nilichofanya ni kuhamisha maelezo yote yafanyike kabla ya kuwasha. Tunaanza na asali. Kila mtu anapewa kijiti na bakuli la asali, anachovya anakizungusha, na hapo hapo anaona kwamba akisimamisha mkono asali inaning'inia upande mmoja na kudondoka, akiendelea kuzungusha inakaa katikati. Kioo cha moto kinafanya vilevile, tofauti ni kwamba hapa kosa linaoshwa kwa maji. Baada ya hapo tunashika fimbo na kijiti vikiwa baridi, moto umezimwa, tunapitia mienendo yote ya mikono, mkono mmoja unazungusha kijiti bila kupumzika na mwingine unalisha kioo. Tukiwasha bana nafundisha kwa vidole: kidole juu ni panda kwenye moto, kiganja chini ni toka nje ya moto, kuzungusha kidole ni umesahau kuzungusha. Hiyo ishara ya mwisho naitumia sana.

Shanga ya kwanza yenyewe, hatua ninayoipenda kuliko zote kuifundisha. Kijiti kinapashwa kwanza mpaka ile rojo inaanza kung'aa wekundu, kwa sababu kioo hakishiki kwenye udongo wa baridi, kinateleza au kinabandua rojo yote. Donge la kioo likiwa limekusanyika mara mbili ya unene wa fimbo unaligusisha kwenye kijiti, linabandika, unakizungusha kijiti kuelekea mbali na wewe kioo kikijiviringisha juu yake, afu unaikata fimbo kwa kuivuta taratibu ndani ya moto uzi ukatike. Muda huo shanga ni mbaya, ina kona na uvimbe, mwanafunzi anakuangalia kwa wasiwasi. Mwambie aache mikono izungushe na moto ufanye kazi. Kioo kikilainika kinajivuta chenyewe kuwa cha mviringo, kona zinapotea moja baada ya nyingine, na kama kioo kilichopo kinatosha kwa upana ulioanza nao, ncha mbili za shanga zinajikunja ndani na kufanya vishimo vidogo kuzunguka tundu. Hivyo vishimo ndo alama ya shanga nzuri. Ukianza na msingi mpana afu kioo kidogo, ncha zinabaki kali na zitakata uzi baadaye. Kwenye moto wa gesi moja haya yote yanatokea polepole kiasi kwamba mwanafunzi anaona kona ikiondoka, na naijua ile sura ya mtu anapoiona kwa mara ya kwanza, anaacha kupumua kabisa.

Kwenye vifaa vinavyouzwa pamoja kwa wanaoanza kwa kawaida unakuta bana, kibano cha kuishikilia mezani, vijiti kadhaa, chupa ya rojo, fimbo za rangi mchanganyiko na blanketi dogo la nyuzi za kauri. Vijiti ni sawa, vya unene wa milimita 2.4 vinatosha kuanzia, vile vyembamba zaidi vinapinda mkononi mwa mtu ambaye bado anabana sana. Rojo tikisa vizuri kila mara maana inatuama chini. Fimbo za rangi angalia ni kioo laini chenye kipimo cha mtanuko (kinavyotanuka kikipata joto) 104, ndicho kinachofaa kwa bana hii, na Effetre ya Italia, ambayo wazee bado wanaiita Moretti, ndo inayopatikana kwa rangi nyingi. Kila fimbo kwenye shanga moja lazima iwe ya kipimo hichohicho. Ukichanganya 104 na borosiliketi, kile kioo kigumu, ambayo ni 33, vinajikunyata tofauti vikipoa na shanga itapasuka, kama sio leo kesho. Kama umeokota fimbo na hujui ni ya nini, usiichanganye.

Usishangae rangi zikigeuka motoni. Nyekundu na chungwa zikipata joto zinakuwa nyeusi nyeusi, mwanafunzi anadhani ameunguza, subiri ipoe rangi itarudi. Na ukiweka feruzi juu ya pembe unapata mstari mweusi pale zinapokutana, hiyo ni shaba ya kwenye feruzi inakutana na salfa ya kwenye pembe, sio uchafu, na ukijua hivyo unaweza kuutumia kuchora. Napenda sana kuwapa wanafunzi rangi hizi mbili mapema, doti ndogo za feruzi juu ya shanga ya pembe, kila doti inajichorea wanja wake yenyewe.

Lile blanketi sasa. Hapa napunguza nyota, sio kwa bana bali kwa namna vifaa hivi vinavyouzwa, kwa sababu mnunuzi anaachwa aamini kwamba blanketi linamaliza kazi. Blanketi linapunguza kasi ya kupoa ili shanga isipasuke papo hapo, basi. Mkazo uliobaki ndani ya kioo unaondoka ukikipeleka kwenye tanuri dogo la umeme, ukakishikilia kwenye nyuzi 510 hadi 520 hivi kwa kioo cha 104 kwa muda wa kutosha kulingana na ukubwa wa shanga, afu ukashusha joto pole pole. Shanga iliyopoa kwenye blanketi tu inaweza kukaa miezi mezani ikiwa nzima na ikaja kupasuka shingoni mwa mtu. Kwa zawadi ya nyumbani utaamua mwenyewe, ila kuuza shanga ambayo haijapitia tanuri mimi sikubaliani nalo hata kidogo, na wanafunzi wangu wanalijua hilo kabla hawajajua kuwasha bana.

Kuna njia ya kuwaonyesha ambayo naipendekeza kwa kila anayefundisha. Chukua vipande viwili vya filta ya polaraizi, ile inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, viweke kimoja juu ya kingine huku umekizungusha kimoja mpaka mwanga hauoneki kabisa, afu katikati yake weka shanga ya kioo angavu na taa kwa nyuma. Shanga iliyotoka kwenye blanketi itawaka mabaka meupe kwenye lile giza, hapo ndo mkazo ulipo. Iliyopita kwenye tanuri inabaki giza. Kwa kioo kisichopitisha mwanga haifanyi kazi, lakini darasa likiona mara moja linatosha, sihitaji kubishana na mtu tena. Na kama tanuri huna bado, unaweza kukusanya shanga zako zilizopoa kwenye blanketi ukazipeleka zote pamoja kwa mwenye tanuri, zile zilizonusurika zitatulia vizuri tu.

Miwani. Vifaa vingi havina, na vingine vinaweka miwani ya giza ambayo haisaidii. Kioo laini kina sodiamu nyingi, kikiwaka kinatoa mwanga wa njano mkali kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 589, unaokuziba usione unachofanya. Miwani ya didimiamu inakata hiyo njano peke yake, na mtu akivaa kwa mara ya kwanza anashangaa jinsi moto unavyopotea akabaki anaona kioo chenyewe, ukingo wake, mahali doti inapotua. Bila hiyo unafundisha kipofu. Miwani ya jua inatia giza kila kitu ila ile njano bado ipo, kwa hiyo hapana.

Hewa nayo haina mjadala. Watu wanadhani kwa kuwa hakuna mtungi wa oksijeni basi bana hii ni salama sebuleni. Inakula hewa ileile unayovuta wewe na inatoa kaboni monoksaidi na oksaidi za naitrojeni kama moto mwingine wowote wa gesi. Unahitaji feni inayotoa hewa nje juu ya meza, na dirisha au mlango upande wa nyuma yako unaoingiza hewa safi, feni peke yake kwenye chumba kilichofungwa haivuti kitu. Vaa pamba, nguo za nailoni na polista zinayeyukia mwilini, nywele zifungwe, na kuchomoa shanga pamoja na kusafisha tundu ufanye ndani ya maji kwa sababu vumbi la ile rojo si la kuvuta kifuani.

Gesi. Vitabu vya zamani vinasema tumia gesi iitwayo MAPP, lakini ile gesi yenyewe iliacha kutengenezwa Marekani ya Kaskazini mwaka 2008, inayouzwa siku hizi kwenye mitungi ya njano kwa jina linalofanana na hilo ni propilini kwa sehemu kubwa. Inafanya kazi vizuri, ina joto zaidi kidogo ya propani. Propani nayo inafaa kwa shanga ndogo, utasubiri zaidi tu. Tatizo ni ule mtungi mdogo wenyewe: ukifanya kazi mfululizo gesi inapogeuka kuwa mvuke inanyonya joto la chupa, chupa inakuwa baridi mpaka inatoka jasho, presha inashuka na moto unasinyaa ukiwa katikati ya shanga. Kwa mtu mmoja anayefanya jioni sio neno, anapumzika chupa ipate joto. Kwa darasa inachosha, hapo ni bora mtungi mkubwa ukae nje ya jengo na mpira mwafaka uingie ndani, kazi hiyo apewe fundi wa gesi, usijiungie mwenyewe. Na kumbuka propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukusanyika kwenye mashimo na vyumba vya chini.

Kuhusu kuhamia bana ya oksijeni. Wapo wanaosema anza nayo moja kwa moja usipoteze pesa mara mbili. Kama unajua tayari unataka borosiliketi, mabomba, sanamu, glasi za kunywea, ni kweli, bana ya gesi moja haitakufikisha huko. Kama unataka shanga na bado hujui utaipenda kazi au la, nasimama na hii ndogo. Bana ndogo ya aina ya Nortel Minor ukiifunga na mashine ya kuchuja oksijeni kutoka kwenye hewa, zile za lita 5 kwa dakika, ni hatua nzuri sana ya pili, moto ni msafi, kimya, rangi nyeupe inabaki nyeupe. Wanafunzi wanaofika hapo wakitokea kwenye gesi moja wanakuja na tabia ya kukaa mbali na moto na kutazama kabla ya kusogea, na tabia hiyo inawasaidia sana siku za kwanza ambapo kila kitu kinayeyuka haraka kuliko walivyozoea. Walioanza kwa upande mwingine mara nyingi nawaona wakichemsha kioo mpaka kinatoa viputo.

Kwa hiyo kwangu bana yenyewe ni nyota nne na nusu, ile nusu ni kelele, na vifaa vinavyouzwa pamoja nayo ni nyota tatu mpaka waanze kuandika juu ya boksi kwamba tanuri na miwani ni lazima. Ukipata ya mitumba usiogope, haina vitu vingi vya kuharibika, ila angalia ndani ya mdomo kama hakuna masizi yaliyoziba vitundu, kagua nyuzi za kufungia kama hazijalika, ifunge kwenye mtungi ikiwa haijawashwa, fungua gesi kidogo tu upake maji ya sabuni kwenye kiungio. Povu likivimba hapo, funga gesi na uirudishe kwa muuzaji siku hiyohiyo.